Nimeziba Taa Nyekundu ya Seva, na Wifi Yangu Hajui

Mpendwa Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha seva, mlango nimeufunga kwa ndani, na naomba unisaidie kwa sababu kila niliyefikiria kumwambia naona ama atanicheka, ama atanifukuzisha kazi, ama atamwambia wifi yangu, na hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Nasoma safu yako kila inapotoka, najua kabla hujastaafu kazi yako ilikuwa hizi hizi kompyuta na kanzidata, kwa hiyo nimeona wewe utanielewa pande zote mbili, upande wa mashine na upande wa wifi.

Mimi nasimamia kompyuta katika kliniki ya watoto wenye kifafa. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa mtunza kumbukumbu wa kliniki hiyo hiyo. Tulisoma chuo kimoja, yeye mambo ya kumbukumbu, mimi kompyuta, na kwao ndiko nilikomfahamia kaka yake, kwa hiyo unaweza kusema hata ndoa yangu ameniunganishia yeye. Tulikuwa kidole na pete mpaka watu wakishangaa, maana mawifi wengi wakikutana jikoni hata kijiko hakipiti salama, sisi tulikuwa tunasukana nywele na kuazimana viatu. Yeye ndiye aliyeingiza kwenye kompyuta kadi zote za watoto, moja baada ya nyingine, vidole kumi bila kutazama, huku akisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesali, na kila kadi ina hadithi yake, mtoto alianza dawa gani, kiasi gani, ikamletea usingizi wa kupitiliza, wakapunguza, ikamtoa vipele, wakabadilisha, wakaongeza nusu kidonge, mpaka siku moja mama anaingia anasema mwanangu amekwenda shule wiki nzima hajaanguka. Shangazi, kifafa hakina dawa moja ya watu wote. Kila mtoto ana kipimo chake ambacho madaktari wamekitafuta kwa miezi na wengine kwa miaka, na vipimo vyote hivyo viko ndani ya kanzidata yetu na hakuna pengine.

Sasa seva ya zamani ikaanza kusuasua. Siku ya kliniki kina mama wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje, watoto wanalia, daktari anaandika jina la mtoto na kale kaduara kanazunguka weee, anatoka mlangoni anauliza watu wote wasikie, "Jamani, mtu wa kompyuta yuko wapi?" Mtu wa kompyuta ni mimi. Niliaibika mpaka nikawa naingilia mlango wa nyuma. Kwa hiyo daktari mkuu alipotangaza kwamba fungu la seva mpya limepatikana na mimi ndiye nitakayechagua, kichwa kilinivimba, nikasema sasa watanitambua.

Tukaitwa kikao. Wifi akaja na pendekezo lake amelipanga vizuri, kwamba tununue seva ya wastani, diski zake ziwe zile zinazotengenezwa kwa ajili ya seva hata kama ni chache, na kinachobaki tununue kisanduku kingine cha diski zile za zamani za kuzunguka, za polepole lakini zenye nafasi kubwa, tukiweke jengo la pili kwenye stoo ya dawa, na kila jioni nakala ya kanzidata iende huko. Akasema, "Mimi naomba kitu kimoja tu. Kadi za watoto zisilale nyumba moja."

Lakini mimi nilikuwa nimeshachagua moyoni. Nilikuwa nimeona seva moja ndefu nyeusi inang'aa, na nimepiga hesabu kwamba tukiachana na hicho kisanduku cha nakala, na tukichukua zile diski za kasi za bei nafuu ambazo watu huweka kwenye kompyuta zao za nyumbani, basi tunapata nne na kumbukumbu ya kompyuta, ile RAM, ya kutosha juu yake, na kwenye karatasi za muuzaji zilikuwa zinazishinda mbio zile za seva. Nikayasema hayo kwa majigambo. Wifi akauliza kwa upole, "Na zikifa?" Badala ya kumjibu nikamgeuzia kibao mbele ya madaktari, wauguzi na mhasibu, nikasema, "Wifi, wewe umezoea makabati ya chuma. Hii si kabati." Watu wakaangua kicheko. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Wifi alitabasamu tu, akakunja karatasi yake, akaitia kwenye pochi.

Seva ikaja. Chumba kilichofaa ni kile cha kumbukumbu, kina kiyoyozi na mlango imara, kwa hiyo makabati yakatolewa, na kadi za karatasi, kwa kuwa zote zilikuwa zimeshaingizwa, zikachomwa nyuma ya jengo. Niliyetoa hoja zichomwe ni mimi. Wifi alisimama pembeni anatazama moshi, na wiki hiyo hiyo akaomba kuhamishiwa stoo ya dawa. Tangu hapo salamu yetu ni "Habari," "Nzuri," basi. Nyumbani haingii, akija anamwita kaka yake getini. Mume wangu nikimlalamikia ananijibu, "Mimi sina upande, ila upande wowote nitakaokaa sina amani."

Mwanzoni seva ilikimbia kweli, nikasifiwa, nikatembea kifua mbele. Baada ya miezi kale kaduara kakarudi, taratibu, nikajitia hamnazo. Diski zile nne nimezifunga pamoja kwa ule mpango ambao moja ikifa, tatu zilizobaki zinaubeba mzigo wa marehemu na kazi inaendelea, lakini zikifa mbili hakuna tena cha kuokoa. Sasa moja imekufa. Taa yake ikawaka nyekundu na seva ikaanza kulia piii, piii. Nikainyamazisha. Halafu, Shangazi usinitukane, nikakata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme nikabandika juu ya ile taa, kwa sababu daktari mkuu hupenda kuleta wageni kuwaonyesha seva, na kila akiingia na wageni anasema, "Huyu ndiye aliyeichagua."

Utaniuliza nakala. Ipo, inajichukua kila siku, ila inakaa kwenye seva ile ile, ndani ya diski zile zile. Nilisema nitanunua diski ya nje mwezi ujao, na mwezi ujao nao ukawa na mwezi ujao wake.

Nimenunua diski mpya kwa mshahara wangu, iko mkobani, natembea nayo sokoni na kanisani. Nikiichomeka, seva itaanza kuzisoma zile tatu toka mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika ili ijaze hii mpya, na zile tatu zimetoka katoni moja na marehemu, zimeandikwa sawasawa, zimechoka sawasawa, naogopa moja itakata roho katikati ya safari. Nisipoichomeka naogopa vile vile. Nikimwambia daktari mkuu, swali lake la kwanza litakuwa mbona hakuna nakala jengo la pili, na kikao kile kila mtu anakikumbuka.

Jana nimepishana na wifi kwenye korido, amebeba maboksi ya sindano. Alisimama, jambo ambalo halifanyi siku hizi, akaniuliza, "Watoto wangu wazima?" Ndivyo anavyoziita zile kadi. Nikamjibu, "Wazima." Akasema, "Haya, Mungu akubariki," akaenda zake. Nilirudi humu ndani nikalia mpaka kola ya shati ikalowa. Shangazi, niichomeke au nisiichomeke? Na wifi nimwambie, au nimwache aendelee kuamini? Namba yangu ya simu nimeiandika chini, naomba usiitoe gazetini.

Ni mimi,
Mshika Ufunguo

---

Marahaba, Mshika Ufunguo. Kwanza fungua mlango huo, hewa ya chumba cha seva ni ya mashine, si ya binadamu anayelia.

Naanza na diski, kwa sababu wewe na wifi yako mnaweza kununiana mpaka mtoke mvi, lakini diski hazitawangoja.

Usiichomeke. Hofu yako ni ya kweli kabisa, na nimewahi kuiona ikitimia. Diski tatu zilizochoka ukiziambia zikimbie mbio ndefu bila kupumzika, usishangae mojawapo ikianguka njiani. Lakini mwanangu, umekaa na swali la kuchomeka au kutochomeka mpaka umesahau kwamba diski ina zaidi ya kazi moja. Hiyo iliyomo mkobani ndiyo nakala yako! Nunua lile kasha dogo la nje, linauzwa duka lolote la kompyuta, itie humo, iunganishe kwa waya, kisha nakili kanzidata peke yake uiweke humo. Kanzidata si diski nzima. Majina, tarehe na vipimo vya dawa ni maandishi, na maandishi ni mepesi. Anza na jedwali la vipimo vya dawa, halafu majina, halafu yote yaliyobaki. Ukishamaliza, ichomoe, itoke nje ya jengo hilo. Hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kufikiria kujaza diski mpya ndani ya seva, na hata ikifa itakuwa imekufa seva tu.

Ila huwezi kufanya hivyo kimyakimya, maana wakati unanakili inabidi watu waache kuandika. Kwa hiyo daktari mkuu anaambiwa leo. Usimwandikie barua ndefu kama hii uliyoniandikia mimi. Ingia ofisini, simama, sema: diski moja imekufa, nakala ya nje hatuna, naomba kliniki irudi kwenye karatasi mpaka nimalize kunakili. Atakuuliza mbona. Mwambie mbona. Atafoka. Mwache afoke, akimaliza atakuuliza unahitaji nini, kwa sababu ana akili kuliko unavyomdhania na anawapenda wale watoto kuliko anavyokupenda wewe.

Kuhusu ule utepe nitasema kidogo tu, maana nikisema sana nitakutukana na umeniomba nisikutukane. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi ya watoto wa watu, watoto wasioweza kujisemea wakiwa wameanguka sakafuni. Hapo, binti yangu, nilikunja barua yako nikatoka nje kupunga upepo kwanza.

Sasa uchaguzi wenyewe, kwa sababu utachagua tena, na wako wasomaji wanaochagua wiki hii. Diski ya nyumbani si mbovu, ni ya nyumbani. Mtu wa nyumbani anaandika picha zake na barua zake, anazima, analala. Kanzidata inaandika kutwa, na diski hizi za kasi zinakufa kwa kuandikwa, kila moja na kiasi chake, na kiasi hicho kimechapishwa kwenye karatasi zile zile za muuzaji, chini, kwa herufi ndogo. Wewe ulisoma mstari wa mbio, ukauacha mstari wa uhai. Tena ukanunua zote katoni moja, ukazipa kazi sawa, halafu ukategemea zipishane kufa.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya diski. Umesema seva mpya ilikimbia, kisha kaduara kakarudi. Siwezi kuapa nikiwa huku, lakini nimeona ugonjwa huo mara nyingi mno: daktari akitafuta jina moja, kanzidata inafunua kila kadi toka ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyeitengenezea faharasa ya majina, kama kitabu kikubwa kisicho na orodha ya kurasa. Kasi ya diski ilikufichia ugonjwa mpaka kadi zilipoongezeka. Kutengeneza faharasa ni kazi ya mchana mmoja na haigharimu kitu. Ulipima kabla hujanunua? Hukupima. Na wifi yako naye, pamoja na busara zake, hakupima, wala daktari mkuu hakuuliza. Inawezekana kabisa seva ile ya zamani ilikuwa inawatosha, na kadi zile zisingechomwa, na nyie wawili mngekuwa bado mnaazimana viatu. Nasikitika kukuambia hivyo, lakini bora ulijue.

Tuje kwa wifi. Umeniuliza umwache aendelee kuamini? Hapana! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na wewe ulishatukana, sasa uzazi ndio huu. Nakala ambayo haijajaribiwa kufunguliwa si nakala, ni matumaini. Mtu anayeweza kufungua kadi na kusema huyu mtoto nusu kidonge chake cha jioni hakipo hapa, kuna kitu kimepotea, ni mmoja tu, na yuko stoo anahesabu sindano kwa sababu yako. Utakwenda kwake kwa miguu yako. Usimtume mume wako, amechoka kuwa daraja. Na kwa kuwa ulimdhalilisha kikaoni, utamwomba radhi kikaoni, na mhasibu awepo. Radhi ya kwenye korido haitoshi kosa la mbele za watu.

Haya yote niliyaandika siku ile ile barua yako iliponifikia, na nikapiga ile namba uliyoiandika chini. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ukaizima. Nikakutumia ujumbe ule wa usichomeke, naona umeusoma, hukujibu. Nimekupigia kila asubuhi tangu hapo. Nilitaka haya nikunong'oneze sikioni, na badala yake yamechapishwa, namba yako tu ndiyo nimeificha kama ulivyoniomba. Sijui kama umeshaichomeka. Sijui kama nazungumza na mtu aliyeogopa au mtu aliyeshafiwa.

Kwa hiyo naomba niongee na mtu mwingine.

Wewe mama wa stoo ya dawa, uliyeambiwa umezoea makabati, najua umeshajijua tangu aya ya pili. Ulichojibiwa kwenye korido si kweli. Kadi ulizochapa ziko kwenye diski tatu zilizochoka, na karatasi zake uliziona zikiteketea. Wewe ndiye uliyekosewa, na anayepaswa kutembea ni yeye. Ameshindwa. Amejifungia mle ndani, ana diski mpya mkobani, hana mtu wa kumwambia. Si haki mimi kukuomba wewe, na nakuomba. Radhi yako utaidai, na siku ya kikao nipigieni, nitakuja kukaa kiti cha mbele nisikie kwa masikio yangu.

Lakini leo weka hayo maboksi chini. Pitia kwa daktari mkuu, mwambie uandikaji usimame, kisha kagonge mlango wa chumba kile kilichokuwa chako. Mwambie umekuja kwa ajili ya jedwali la vipimo. Akifungua, usimuulize kwa nini, utapoteza muda. Akilia mwache alie, nyinyi nakilini.